Kusomea Kulea Wazee na Watu Wenye Ulemavu Australia: Yajue Haya Kabla Hujauza Kiwanja

Jirani yetu wa Kisauni, ambaye tangu utotoni namwita Mamkubwa, alikuja nyumbani baada ya Alasiri akiwa na bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na barua ya chuo cha Australia kwa jina la mwanawe wa mwisho, na karatasi nyingine iliyoandikwa na ajenti kwa kalamu: ada ya chuo, viza, bima, tikiti, gharama za ofisi. Mamkubwa alitaka kujua jambo moja tu. "Mwanangu, wewe umesoma huko na kazi hiyo umeifanya. Niuze kiwanja cha Likoni au nisiuze?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie bahasha nikaisome usiku. Maelezo yaliyo hapa chini ndiyo niliyompa aliporudi, ila nimeyapanga kwa vichwa ili mzazi au kijana mwingine anayeletewa bahasha kama ile apate pa kuanzia. Mimi nilianza masomo Perth mapema 2023, nikafanya kazi katika makao ya wazee, kisha nikawahudumia watu wenye ulemavu majumbani mwao, nikarudi Mombasa 2025.

Kozi yenyewe ni ipi

Vyeti vya elimu Australia vimepangwa kwa ngazi 10, kuanzia cheti cha kwanza hadi shahada ya uzamifu. Mlezi wa wazee au wa watu wenye ulemavu huanzia ngazi ya tatu. Kozi yake ni Cheti cha Tatu cha kumhudumia mtu binafsi, na nambari yake ya sasa ni CHC33021. Ina masomo 15: 9 ya lazima na 6 ya kuchagua. Kwa yale ya kuchagua, mwanafunzi anaweza kuegemea upande wa wazee, upande wa ulemavu, au pande zote mbili. Nambari ya zamani ilikuwa CHC33015, kwa hivyo ukiona tangazo lenye nambari hiyo ujue limepitwa na wakati.

Juu yake kuna Cheti cha Nne, ambacho kiko cha wazee na kiko cha ulemavu. Hicho humfundisha mtu kupanga huduma na kusimamia wenzake. Wanafunzi wa kigeni mara nyingi huuziwa vyeti hivi viwili kwa pamoja, kimoja kikifuata kingine. Hakuna ubaya, mradi ujue kwamba cheti cha tatu pekee kinatosha kuanzia kazi.

Jambo la kushika: kozi hii si uuguzi. Ukimaliza wewe ni mlezi. Huruhusiwi kudunga sindano wala kuamua dawa. Uuguzi una njia yake. Stashahada ya uuguzi pale, pamoja na madarasa yake, inadai saa 400 za mazoezi, na baada yake ni lazima kusajiliwa na bodi ya wauguzi. Ajenti aliyemwambia Mamkubwa kwamba mwanawe "atasomea unasi" alikuwa ama hajui, ama anajua na anadanganya.

Yanayofundishwa darasani

Watu huniuliza, kuna nini cha kusomea katika kumwosha mzee? Hata mimi niliwaza hivyo. Bibi yangu alipopata kiharusi tulimlea nyumbani kwa mapenzi yote, watoto na wajukuu, na hakukosa uji wala dua. Lakini alipata vidonda vya kulalia nyongani na kwenye visigino, na vile vidonda ndivyo vilivyomtesa mpaka akaondoka. Mwezi wa pili wa masomo Perth, mwalimu alituonyesha namna ya kumgeuza mtu asiyejiweza kwa ratiba, kukagua ngozi yake sehemu zenye mifupa, na kuutambua wekundu ambao haupotei ukiubonyeza. Nilitoka darasani nikaenda kulia msalani. Hatukumkosea bibi kwa kukosa upendo. Hakuna aliyetufundisha.

Mambo makubwa ya kozi ni haya.

Kumwinua na kumhamisha mtu. Mlezi haruhusiwi kumbeba mtu kwa mgongo wake. Kuna shuka za kuteleza za kumsogezea kitandani, mkanda wa kiunoni, na winchi ya kumwinulia, ambayo kwa kawaida hushikwa na walezi wawili. Anayekiuka huumia yeye na kumwangusha mzee.

Kulisha. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na maji matupu. Chakula na vinywaji hupangwa kwa viwango vya kimataifa kuanzia 0 hadi 7, kutoka kinywaji chepesi kabisa hadi chakula cha kawaida. Mlezi husoma kiwango cha kila mtu kabla ya kumpa hata kijiko kimoja.

Ugonjwa wa kusahau. Mzee anaweza kukuuliza mara 20 kwa saa moja kama mumewe amerudi, na mume alishafariki zamani. Humkatizi wala humkumbushi msiba upya kila mara. Unamuuliza alikuwa mtu wa namna gani, mkazungumza.

Haki ya mhudumiwa. Hili ndilo lililonigeuza zaidi. Mtu mwenye ulemavu ndiye mwenye maisha yake. Akitaka kuvaa shati la rangi isiyofaa machoni pako, avae. Akitaka kuamka saa nne asubuhi, alale. Kazi yako ni kumsaidia aishi apendavyo. Hukuja kumpangia maisha.

Kuandika na kuripoti. Kila zamu ina maandishi: alichokula, alivyolala, ngozi yake, tabia yake. Ukiona jeraha lisiloelezeka, au mwenzako akimpigia mzee kelele, ni lazima useme. Tangu Aprili 2021 makao ya wazee yana utaratibu wa lazima wa kuripoti matukio mabaya, na yale mazito hufika kwa mdhibiti ndani ya saa 24.

Kiingereza cha darasani ni cha kuandika sana. Waliofeli miongoni mwetu walijua kazi ya mikono vizuri kabisa. Kilichowaangusha ni maandishi.

Saa 120 za vitendo

Hakuna cheti bila kufanya kazi ya kweli chini ya uangalizi kwa saa zisizopungua 120. Hizi hufanyika katika makao ya wazee au kwenye shirika la huduma za ulemavu, bila malipo, na msimamizi hutia sahihi kila ujuzi ulioonyesha.

Kabla ya kuruhusiwa kuingia, huulizwa cheti cha polisi, chanjo, na kwa huduma za ulemavu kibali cha uchunguzi wa mfanyakazi. Beba kutoka nyumbani cheti chako cha tabia njema, kinachoombwa kupitia eCitizen, na kadi zako za chanjo.

Muulize chuo swali hili kabla ya kulipa: nani hutafuta mahali pa kufanyia zile saa 120, chuo au mwanafunzi? Vyuo vizuri vina mikataba na makao. Vyuo vibaya hukuachia utafute mwenyewe katika mji usioujua, na mwenzangu mmoja alikaa miezi minne akibisha milango huku ada ikiendelea kudaiwa.

Kwa nini wanahitaji walezi

Australia ina wazee wengi na vijana wake wengi hawaitaki kazi hii. Lakini kuna sababu ya pili ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua, kwa kuwa inaeleza ukali wa sheria. Mwaka 2018 serikali iliunda tume ya kifalme kuchunguza ulezi wa wazee. Ripoti yake ya mwisho ilitolewa 2021 ikiwa na mapendekezo 148, baada ya kusikiliza visa vya wazee walioachwa na njaa, na vidonda, na wengine kulishwa dawa ili watulie. Tume nyingine ilichunguza mateso ya watu wenye ulemavu, ikatoa ripoti Septemba 2023 yenye mapendekezo 222.

Matokeo yake ni sheria mpya. Tangu Julai 2023 makao ya wazee yanatakiwa kuwa na muuguzi aliyesajiliwa saa zote 24. Tangu Oktoba 2024 kila mkazi anastahili wastani wa dakika 215 za huduma kwa siku, 44 kati yake kutoka kwa muuguzi aliyesajiliwa. Mishahara ya walezi wengi wa wazee iliongezwa asilimia 15 kuanzia 30 Juni 2023. Sheria mpya ya ulezi wa wazee, inayoanzia kwenye haki za mzee mwenyewe, ilianza kutumika 1 Novemba 2025.

Upande wa ulemavu kuna mpango wa bima ya taifa uitwao NDIS, ulioanzishwa kwa sheria ya 2013. Mtu aliyekubaliwa kabla ya kutimiza miaka 65 hupewa bajeti yake, akachagua nani amhudumie. Kwa hivyo mlezi wa ulemavu anaweza kuajiriwa na shirika leo, na kesho mhudumiwa akasema simtaki huyu, nataka mwingine. Ni haki yake.

Kazi hii na dini yetu

Nitasema wazi, maana maajenti hawalisemi. Utapangiwa kumwosha na kumbadilisha nepi mtu wa jinsia nyingine. Unaweza kumweleza msimamizi, na mahali kwingi husikilizwa, kwa sababu wazee wenyewe pia wana haki ya kuchagua nani awaguse. Lakini usiku, mkiwa walezi wawili kwa wazee wengi, hakuna wa kubadilishana naye. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka. Usingoje ufike.

Utaombwa pia kumpelekea mzee glasi ya mvinyo au sahani ya nyama ya nguruwe. Mimi nilizungumza na msimamizi siku ya kwanza, kwa adabu, na wenzangu wakashika upande huo nami nikashika kazi nyingine. Haikuwa vita. Kusali nilipewa nafasi wakati wa mapumziko. Ramadhani nilifunga nikifanya zamu, na bibi mmoja wa miaka 91 alikuwa akinikumbusha magharibi ikikaribia, yeye ambaye jina langu hakulikumbuka.

Na tuache ile kauli kwamba wazungu huwatupa wazazi wao. Wapo waliotupwa, nimewaona. Wapo pia waliotembelewa kila siku na watoto waliokuwa wakitoka kazini moja kwa moja, na mabwana wa miaka 85 waliokuja kila asubuhi kuwalisha wake zao uji.

Hesabu ya pesa

Hapa ndipo kiwanja cha Likoni kinapoingia. Viza ya mwanafunzi huombwa kwa mtandao, na mwombaji anaweza kufungua akaunti yake mwenyewe. Ada ya ombi ilikuwa dola za Australia 710. Julai 2024 ikapanda hadi 1,600, na Julai 2025 hadi 2,000. Kwa kiwango cha takriban shilingi 85 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 170,000, na hairudishwi ukinyimwa.

Mwombaji lazima aonyeshe pesa za kuishi mwaka mzima. Kiwango kilichowekwa Mei 2024 ni dola 29,710, karibu shilingi milioni 2.5, mbali na ada ya chuo na nauli. Lazima awe na bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni kwa muda wote wa viza. Lazima afanye mtihani wa Kiingereza, hata kama amesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa sababu shule za Kenya hazimwondolei mtu sharti hilo. Tangu Machi 2024 alama inayotakiwa kwa kawaida ni 6.0 katika IELTS au mtihani unaolingana nao. Na lazima aeleze kwa maandishi kwa nini anataka kozi hiyo na itamsaidiaje. Mtu mwenye shahada ya biashara anayeomba cheti cha tatu cha ulezi bila maelezo ya maana huwatia shaka.

Pesa za kuonyesha, baadhi ya maajenti huzikopesha kwa wiki chache ili taarifa ya benki ipendeze. Huo ni udanganyifu. Ukigunduliwa, viza hunyimwa na waweza kufungiwa usiombe tena kwa miaka.

Saa za kazi na mshahara

Ajenti alimwambia Mamkubwa kwamba kijana "atafanya kazi atakavyo, alipe deni ndani ya mwaka." Huenda maneno hayo yanatokana na wakati wa korona, ambapo kweli mipaka ililegezwa. Mimi niliwahi mwisho wa kipindi hicho. Kuanzia 1 Julai 2023 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa saa 48 kila wiki mbili masomo yakiendelea. Sisi tuliokuwa tayari tumeajiriwa katika ulezi wa wazee tuliongezewa muda hadi 31 Desemba 2023, kisha nasi tukafungwa. Likizo rasmi ya chuo haina mpaka, lakini kabla kozi haijaanza huruhusiwi kufanya kazi kabisa.

Tupige hesabu. Kima cha chini cha taifa kuanzia Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Mara 48 ni dola 1,197.60 kwa wiki mbili, na kwa mwaka mzima, ukipata saa zote bila kukosa hata zamu moja, ni kama dola 31,137 kabla ya kodi. Linganisha na zile dola 29,710 ambazo serikali yenyewe inasema zinahitajika kuishi. Mlezi hulipwa zaidi ya kima cha chini, na zamu za usiku na wikendi huongezewa, kwa hivyo kitu kitabaki. Lakini ndicho kitakacholipa ada ya chuo ya muhula ujao. Hakijengi nyumba, na hakirudishi kiwanja ndani ya mwaka. Anayekupigia picha za gari huenda hakukuonyesha deni.

Kuzidisha saa kisiri ni kuhatarisha viza. Tena mwajiri anayekulipa mkononi bila karatasi ndiye atakayekudhulumu, akijua huwezi kwenda kushtaki.

Baada ya cheti

"Miaka miwili, atapata makaratasi." Hii ndiyo ahadi inayouza viwanja. Ukweli ni kwamba cheti cha ulezi hakikupi ukaazi. Viza ya kazi ya muda kwa waliomaliza vyuo vya ufundi hutaka fani iwe kwenye orodha maalumu ya ujuzi, na mlezi wa wazee au wa ulemavu hayumo katika orodha hiyo.

Mlango uliopo unapitia kwa mwajiri. Tangu 2023 kuna mkataba maalumu wa ajira wa sekta ya ulezi wa wazee. Mwajiri aliyeingia katika mkataba huo, baada ya kuelewana na chama cha wafanyakazi, anaweza kumdhamini mlezi wa kigeni mwenye cheti cha tatu au uzoefu unaofaa, na baada ya miaka 2 ya kazi mlezi anaweza kuombewa ukaazi wa kudumu. Mkataba huo ni wa ulezi wa wazee, hauhusu anayefanya kazi za ulemavu peke yake. Nao hauko mikononi mwa chuo wala ajenti. Wapo walioupata, na walikuwa walezi wazuri waliokaa mahali pamoja wakaaminika. Mimi mwajiri wangu hakuwa nao, nikarudi nyumbani.

Namna ya kukikagua chuo na ajenti

Mwisho wa 2024 na kuendelea 2025, mdhibiti wa vyuo vya ufundi, ASQA, alifuta vyeti zaidi ya 20,000 vilivyotolewa na vyuo ambavyo havikuwafundisha wala kuwapima wanafunzi ipasavyo. Vyeti vya ulezi vilikuwa miongoni mwao. Fikiria mtu aliyeuza alichonacho, akapata cheti, akaajiriwa, kisha akaandikiwa barua kwamba cheti chake si kitu. Kwa hivyo kagua.

Kwanza, nambari ya CRICOS. Hakuna chuo kinachoruhusiwa kumsajili mwanafunzi wa kigeni bila kuwa kwenye daftari hilo, na kila kozi ina nambari yake. Daftari liko wazi kwenye mtandao, andika jina la chuo uone. Daftari la vyuo vyote vya ufundi liko training.gov.au.

Pili, barua ya kupewa nafasi si uthibitisho wa kusajiliwa. Uthibitisho hutolewa baada ya kukubali mkataba na kulipa malipo ya kwanza, na ndio unaoambatishwa kwenye ombi la viza.

Tatu, soma mkataba ulioandikwa, hasa sehemu ya kurudishiwa pesa ukinyimwa viza. Kwa kozi inayozidi wiki 25, chuo hakiruhusiwi kukulazimisha kulipa zaidi ya nusu ya ada kabla ya kuanza. Chuo kikifungwa, kuna mfuko wa kulinda ada ambao humtafutia mwanafunzi nafasi kwingine au kumrudishia pesa za masomo ambayo hayajafundishwa. Na ada ilipwe kwa akaunti ya chuo. Usiitume kwa simu ya ajenti.

Nne, chuo kinatakiwa na sheria kuorodhesha maajenti wake kwenye tovuti yake. Ajenti wako hayumo? Kiandikie chuo moja kwa moja.

Tano, kozi haiwezi kuwa ya mtandaoni yote. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kusoma zaidi ya theluthi moja kwa njia hiyo. Na ukishafika, kuhama chuo ndani ya miezi 6 ya kwanza ya kozi yako kuu ni vigumu bila ruhusa. Chagua vizuri mara ya kwanza.

Sita, hapa nyumbani, anayekuahidi kazi ng'ambo ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ajenti wa masomo anayeuza "kazi" ndani ya bahasha ya chuo anachanganya mambo mawili, na mara nyingi kwa makusudi.

Njia nyingine

Kuna vijana wetu wa Diani, Mtwapa na Malindi wanaozungumza Kijerumani cha hotelini tayari. Kwao Ujerumani inafaa kutazamwa. Kule mafunzo ya uuguzi, pamoja na ulezi wa wazee, ni ya miaka 3 chini ya sheria iliyoanza Januari 2020, yenye saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Tofauti kubwa ni kwamba mwanafunzi ni mwajiriwa. Kwa kawaida halipi ada, na hulipwa posho ya zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi. Kizuizi ni lugha: kiwango cha B1 au B2, na cha hotelini hakifiki hapo. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya uhamiaji na ajira Berlin tarehe 13 Septemba 2024, lakini makubaliano hayamwondolei mtu mtihani wa lugha.

Uingereza, iliyochukua walezi wengi miaka ya karibuni, ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya moja kwa moja kutoka ng'ambo tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia viza hiyo leo anakuuzia hewa.

Na huku kwetu?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata huduma kutoka kwa jamaa na serikali. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Wakati huohuo Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, baadhi yao kwa dalili ambazo mimi sasa naweza kuzitaja jina: kusahau, kuongea peke yao, kutembea usiku. Upande wa ulemavu tuna historia ya kujivunia, Bombolulu imekuwa ikiwapa watu wenye ulemavu kazi za mikono tangu 1969. Lakini familia yenye mtoto asiyeweza kukaa wala kumeza bado inajisomesha yenyewe.

Tangu nirudi, naitwa majumbani. Naonyesha namna ya kumgeuza mama kitandani, namna ya kumlisha akiwa amekaa wima, namna ya kutengeneza shuka ya kutelezea kwa kitambaa laini cha bei rahisi. Baadhi hulipa, wengine hunipa mahamri. Ujuzi huu una soko hapa, na ungekuwa na soko kubwa zaidi kama vyuo vyetu vya ufundi vya kaunti vingeuchukulia kwa uzito uleule wa ushonaji na umeme.

Mamkubwa aliporudi nilimwonyesha ile barua. Haikuwa na nambari ya CRICOS mahali popote, na jina la chuo halikuwa kwenye daftari. Nilimwambia asiuze. Aende kwa ajenti, aulize nambari, na asitoe shilingi mpaka aipate. Alienda mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa nambari "iko ofisi kubwa Nairobi." Mara ya pili simu haikushikwa.

Kijana bado anataka kwenda, na mimi simkatazi. Anajisomea mtihani wa Kiingereza, na Jumamosi huja nami kwa wagonjwa wangu. Wiki iliyopita alimnyoa babu mmoja wa Bondeni aliyepooza upande mmoja, polepole, huku akimweleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Hilo sikumfundisha. Kiwanja cha Likoni bado kipo.